Mwenye Dele Hana Maneno

Nimestaafu kuigiza nikiwa na miaka kumi na saba na nusu. Sababu ni mtihani wa kemia. Nyinyi wadogo zangu mnaobaki kwenye kundi mlinipikia keki, mkaandika jina langu juu yake, mkaniambia niseme maneno mawili, na mliona yaliyotokea: nilisimama, nikaitazama keki, nikakaa. Kwa hivyo nakuandikieni. Kuandika naweza, kwa sababu karatasi hainitazami.

Vyeo sitavitaja maana sikupanda. Mshahara sitautaja maana tulilipwa sambusa, na wenye maneno mengi walizifikia kwanza. Nataka kukwambieni mambo ya kazi yenyewe, kwa sababu kuna mmoja wenu atakayeirithi, na hajui anarithi nini.

Niliingia kundini nikiwa mdogo kuliko nyinyi, kwa kulazimishwa. Wakija wageni nyumbani nilikuwa nakimbilia chooni, najifungia, nasubiri mpaka nisikie viatu vinavaliwa mlangoni. Siku moja wageni walikaa sana, na mmoja wao akahitaji choo. Mamangu alikuwa kanivumilia mpaka hapo. Kesho yake akanipeleka mtaa wa Ghala, hapa Maskati, kwa Ammi Nassor, binamu wa babangu, ambaye mchana anauza magari Wattaya na jioni anatunga michezo ya kuigiza. Tulifanya mazoezi kwenye stoo nyuma ya gereji ya kakake. Mnapajua. Wakati ule mafundi walikuwa wanagonga mabati mpaka jioni, na tulijifunza kusema baina ya nyundo na nyundo. Ndiyo maana wakubwa wa kundi hili wote wanaongea kwa mapigo, hata wakiagiza chapati.

Ammi Nassor aliniuliza jina. Nikatazama sakafu. Akaniuliza tena. Akageuka kwa mamangu, akasema, "Huyu ana kipaji cha kunyamaza. Tutamuua."

Basi kazi yangu ya kwanza nilikuwa maiti. Nililala kwenye mkeka, nikafunikwa shuka nyeupe, na waigizaji wakubwa wakanililia. Mambo yalikuwa mazuri. Hakuna aliyeniona, hakuna aliyeniuliza kitu, nikafikiri kumbe dunia ina kazi kama hii. Kosa lilikuwa moja: Bibi yangu hakuambiwa. Alikuwa mstari wa mbele, na aliposikia jina langu linatajwa kwenye kilio alipanda jukwaani na mkoba wake, akanifunua shuka.

"Inuka," akasema.

Nikamnong'oneza kwamba niko kazini.

"Inuka nnakwambia. Mizaha ya maiti haifanywi. Malaika wakipita wakaitikia amini, nani atakurudisha?"

Nikainuka. Waliokuwa wananililia ikawabidi wafurahi, na mchezo ambao ulikuwa wa msiba na kisasi ukamalizika pale pale kwa kheri. Watu walipiga makofi sana. Ammi Nassor alikaa kwenye gari lake, hakutaka kuzungumza na mtu.

Baada ya hapo sikupewa tena kufa. Nilipewa kila kitu kingine kisicho na maneno: abiria kwenye foleni, mgonjwa anayesubiri, polisi anayefungua mlango, na mara moja mbuzi wa Idi, ambaye kwa kweli alikuwa na sauti moja lakini niliomba ipunguzwe. Kazi ngumu kuliko zote ilikuwa tangazo la gari. Ammi Nassor alinikopesha dukani kwake, nikawekwa kiti cha nyuma cha gari jipya, na kazi yangu ilikuwa kufurahi. Vioo vimefungwa, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu kinaingia kwenye sauti, na ulikuwa mwezi ambao hata paka wa Maskati hawatoki chini ya magari. Mwenye kamera kila mara ananiambia nifurahi zaidi. Tangazo lilipotoka, jasho lilikuwa linashuka mashavuni kama machozi, na watu wengi walisema niliguswa sana na gari lile. Funzo: njoo na kanzu ya pili, na unywe maji kabla hujaingia, siyo mengi.

Mista Harold alikuja nikiwa na miaka kumi na nne. Wengi wenu mnamjua kama yule mzee mweupe anayekaa kwenye kiti cha gari kilichong'olewa. Bintiye, Bi Helen, ni mhandisi wa mabomba ya maji. Alipopata kazi Maskati hakutaka kumwacha babake peke yake Uingereza, mamake alikuwa keshafariki. Wakaenda Wattaya kununua gari. Ammi Nassor alikuwa anamsifia Bi Helen gari moja kwa Kiingereza, dakika nyingi, na mzee aliyekuwa amekaa pembeni akasema kwa Kiswahili safi kwamba gari hilo lina rangi ya mavi ya kuku.

Ammi Nassor alisahau biashara. Kumbe mzee kazaliwa Tanga, babake alikuwa na kazi kwenye mashamba ya katani, wakaondoka yeye akiwa na miaka kumi. Kiswahili chake kilibaki na umri ule ule. Alijua matusi yote ya golori na namna zote za kumsingizia mwenzako. Hakujua neno bima, wala kodi, wala talaka. Ukimuudhi alisema, "Sichezi tena na wewe." Mzee wa miaka themanini huyo.

Na kazi yake, maisha yake yote, ilikuwa kuigiza. Sinema, televisheni, majukwaa ya miji midogo yenye mvua. Msiseme hamkumwona, mlimwona, hamkumjua. Ndiye polisi anayesema njia hii imefungwa. Ndiye mtumishi anayeingiza barua kwenye sinia. Ndiye padri anayekunywa kikombe cha kwanza cha chai yenye sumu. Alikuwa anakufa mapema. Aliniambia walimpenda kwa sababu ana sura ambayo watazamaji wanaihurumia lakini hawaiulizii ikiondoka. Siku moja mkewe alikuwa anapiga pasi huku televisheni imewashwa, akamwona mumewe anasukumwa kwenye ngazi, akamwambia bila kuacha pasi, "Hapa si ulishakufa mwaka jana?"

Barabarani watu walimsimamisha wakidhani wanamfahamu kutoka kwengine. Mama mmoja alimshika mkono, akamuuliza kama si yeye fundi bomba wao wa zamani. Mista Harold aliona kumkatalia ni kumvunja moyo, akasema ndiye. Mama akasema afadhali, maana bomba la jikoni limeanza tena. Akaenda. Alilala chini ya sinki akagonga gonga, akanywa chai, akaondoka. Anaapa liliacha kuvuja. Bi Helen anasema ndiyo maana yeye akasomea mabomba: ilibidi mmoja katika familia ajue kweli.

Lakini jambo moja lilimkaa moyoni, na aliniambia siku tunabandua ndevu za uongo. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kufika mwisho wa hadithi. Wakati wengine wanaoana jukwaani au wanakamatwa, yeye keshakufa au keshatoka, yuko chumba cha nguo anavua masharubu na kutafuta basi la nyumbani. Watu wakipiga makofi ya mwisho yeye yuko kituoni.

Mimi alinifundisha vitu ambavyo Ammi Nassor hakuvijua. Tafuta viatu kwanza. Mtu ukishajua anavyokanyaga, umeshamjua nusu. Mikono ipe kazi, la sivyo itajitafutia yenyewe. Na hili ndilo kubwa: asiye na maneno ndiye anayewaonyesha watu pa kutazama. Ukimtazama msemaji kama mtu anayetaka kujua, ukumbi mzima utataka kujua. Ukitazama feni, watatazama feni. Aliwahi kunichunguza mazoezi mazima, kisha akaniambia, "Wewe unanyamaza vizuri. Lakini unanyamaza kama umejificha. Nyamaza kama unasikiliza." Niliandika usiku ule, nikapiga mstari chini, na sikufanikiwa kwa muda mrefu.

Mwaka huu Ammi Nassor akamtungia mwisho. Mchezo ni wa ndugu wawili wanaogombania shamba la mitende la marehemu baba yao, huko mji wa Quriyat. Onyesho la mwisho anaingia mzee jirani, anakaa kwenye majlisi yao, chumba cha wageni, anakunywa kahawa, na anatoa wasia wa baba aliouficha miaka yote: shamba ni la yule atakayemkaribisha mgeni kahawa kabla ya kumuuliza kafuata nini. Ndugu mdogo ndiye aliyeagiza kahawa, basi shamba lake, naye anampa kaka yake nusu. Taa zinazimwa na Mista Harold bado yuko jukwaani, hai, ana hotuba ndefu kuliko alizopata kupewa maishani. Mimi nilikuwa mwenye dele, lile birika la kahawa.

Kazi ya dele mnaijua, lakini naandika kwa ajili ya yule kati yenu aliyekulia na mashine ya kahawa. Dele mkono wa kushoto, finjani mkono wa kulia. Unamimina kidogo, chini ya nusu, maana finjani iliyojaa inamwambia mgeni anywe aondoke. Unasimama. Akikurudishia hivi hivi, unamimina tena. Akiitikisa, ametosheka. Na mwenye dele hana maneno. Humuulizi mgeni kama bado anataka, humuulizi kama yatosha. Ukiuliza, umeiaibisha nyumba nzima mpaka majirani.

Kahawa ilikuwa ya kweli, ya Bibi. Alikataa dele tupu. Alisema kummiminia mgeni hewa ni kumtukana, hata kama mgeni mwenyewe ni wa uongo.

Sasa, mazoezi ya kwanza, kila mtu alidhani mwengine keshamwambia Mista Harold habari ya kutikisa. Hakuambiwa. Kwa desturi yake ya Kiingereza, unarudisha kikombe, unasema ahsante, umemaliza. Na ukimiminiwa tena, kukataa ni ufidhuli. Yeye ananipa finjani, mimi namimina. Anakunywa, anasema ahsante, ananipa, namimina. Ammi Nassor alikuwa nje kwenye simu, anauza gari. Tulikuwa watu wawili wenye adabu tusioweza kuokoana. Mwishowe akasimama katikati ya sentensi, akapita mbio kwenye gereji, na mafundi wakamwonyesha mlango kwa vidole. Bi Helen alipiga simu asubuhi kuuliza tulimpa nini, maana babake alikesha akipanga vitabu.

Basi akafundishwa kutikisa, na kwa wiki kadhaa kila kitu kilikwenda vizuri. Kisha maneno yakaanza kumtoroka. Siyo yote. Anafika katikati ya hotuba, pale anaposema, "Baba yenu alikuwa mgonjwa, akaniita, akaniambia," halafu panakuwa peupe. Nilijua kabla ya wengine kwa sababu ya mkono: unaanza kusugua goti, taratibu, kama anafuta makombo. Siku za Ijumaa nikawa nakwenda kwao, nashika karatasi, yeye anasema na mimi namfuata kimoyomoyo. Kwa njia hiyo nikaijua hotuba yote bila kukusudia.

Siku moja nilikuwa ndani ya gari bovu kwenye uwanja wa gereji. Tabia ya zamani haiishi. Badala ya choo nilihamia magari. Nikamsikia Bi Helen anazungumza na Ammi Nassor. Alisema madaktari wameshawaambia, na babake anajua, na yeye bintiye amekubali zile usiku mbili babake alizoahidiwa. Lakini akikwama mbele za watu usiku wa kwanza, wa pili haupo, wala mchezo mwengine haupo. Maisha yake yote amemwona babake anarudi nyumbani mapema. Hataki kumwona anachekwa. Ammi Nassor alisema sawa, na sijawahi kumsikia akisema neno moja tu kwa mteja.

Nilitaka Mista Harold afike mwisho. Mwaka huu sikutaka kitu kingine sana kama hicho, hata kemia.

Usiku wa kwanza ukumbi wa skuli ulijaa. Mista Harold aliingia na kanzu, kilemba na fimbo, na alikanyaga kama mzee wa Quriyat khasa. Alikuwa kanunua viatu vyake kwa mzee wa kweli. Mama mmoja nyuma ya Bibi akauliza yule mzee wa kabila gani. "Wa Tanga," Bibi akasema, na mama akaridhika.

Akakaa. Nikammiminia. Akaanza hotuba, sauti yake kavu, nzuri, watu wametulia. "Baba yenu alikuwa mgonjwa," akasema. "Akaniita. Akaniambia." Na mkono ukaenda kwenye goti.

Mwanzo watu walidhani ndiyo ufundi. Akanywa iliyobaki, akanipa finjani bila kuitikisa. Nikamimina, na nilipoinama nikamnong'oneza maneno yanayofuata. Hakusikia. Chombo chake cha sikio alikivua nyuma ya pazia, kilikuwa kinapiga mluzi na spika. Akanywa, akanipa. Nikamimina, nikanong'ona kwa nguvu zaidi, na ndugu mdogo akasikia, na ndugu mkubwa akasikia, ila yeye. Akanywa, akanipa. Mkono mwengine goti, goti, goti.

Katika kimya kile nikamsikia Bibi, ambaye hajui kuongea chini. "Huyu mtu hatikisi finjani. Kwani hakufunzwa?"

"Mwache," mama yule akasema. "Si wa Tanga?"

Kicheko kikaanza pembeni, kidogo, kikawa kinatafuta wenzake. Mstari wa mbele Bi Helen akauinua mkoba wake kutoka chini, akauweka mapajani. Nikainamisha dele, likatoa tone moja na punje ya iliki.

Wadogo zangu, sikuwa shujaa. Nilikuwa nimebaki na mambo mawili tu ya kufanya. La kwanza ni kwenda nyuma kujaza dele na kumwacha pale peke yake na goti lake. La pili silijui lilitoka wapi. Niliweka dele chini, nikakaa kwenye zulia mbele ya mgeni, kitu ambacho mwenye dele hafanyi, na ukumbi mzima ukavuta pumzi.

"Babu," nikasema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka, na nilikuwa upande wa sikio lake zima. "Marehemu alikwambia nini?"

Akanitazama. Siyo kama muigizaji. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali na mtoto wa watu, na mtoto wa watu hujibiwa.

"Aliniambia ninyamaze," akasema. "Ninyamaze mpaka wagombane."

"Ukanyamaza?"

"Nikanyamaza. Miaka yote." Akafikiri. "Ni kazi ngumu."

Hilo halimo kwenye karatasi. Watu wakacheka, lakini sasa walikuwa wanacheka naye. Nikamuuliza na wakishagombana je.

"Ndipo niende kwao. Nikae. Nisiseme nimefuata nini. Atakayenipa kahawa kabla ya kuniuliza, shamba ni lake."

Kisha Bibi, kwa utulivu kabisa, akasema, "Basi shamba la mjukuu wangu."

Hapo ndipo Ammi Nassor alipojua alichokitunga. Ukumbi wote uliona aliyemimina. Ndugu mdogo akajaribu kusema yeye ndiye aliyeagiza, na mzee mmoja wa nyuma akamjibu kwamba kuagiza siyo kumimina. Mwengine akasema wallahi haki ni haki, apewe mwenye dele. Ndugu wawili waliokuwa wanachukiana tangu onyesho la kwanza wakasimama pamoja kupinga mimi kupewa. Ammi Nassor akazima taa. Zilipowashwa tena Mista Harold alikuwa pale pale, katikati, anainamisha kichwa kwa makofi, na hakutoka mpaka mtu wa mwisho alipoacha.

Nyuma ya pazia ilikuwa habari nyengine. Mista Harold alikuwa anatetemeka kwa hasira. "Mwenye dele hana maneno," alimwambia Ammi Nassor. "Kanichukulia mwisho wangu. Miaka yote nangoja mwisho mmoja, na mtoto huyu kanichukulia. Sichezi naye tena."

Nikamwomba radhi. Akanigeuzia mgongo. Nikamtazama Ammi Nassor, ambaye aliona kila kitu, naye akatazama viatu vyake. Akasema kwa sauti ya kusikika kwamba nimefanya kosa kubwa la kikazi, na kwamba kesho sitafungua mdomo, sitakaa, na shamba litakwenda linapostahili. Nilielewa. Ikiwa Mista Harold hakusahau, basi mtu mwengine alikosea, na mtu huyo alikuwa mimi. Sambusa sikuigusa. Lakini Bi Helen, akimfunga babake mkanda wa gari, alimuuliza Ammi Nassor kesho waje saa ngapi.

Usiku wa pili Ammi Nassor alikuwa keshaziba tundu. Ndugu mdogo alipewa sinia la tende alilete mwenyewe kwa mikono yake, watu waone. Bibi alikuja na dada zake wawili, kuangalia mali.

Mista Harold hakunisalimu. Akaingia, akakaa, nikammiminia, nikasimama na dele langu. Hotuba ikaanza, safi kuliko jana. "Baba yenu alikuwa mgonjwa. Akaniita. Akaniambia." Akanyamaza.

Nikautazama mkono. Mkono ulikuwa umelala kwenye goti, umetulia kama paka. Nikatazama sikio, na chombo kilikuwemo. Hakusahau kitu. Akaimaliza kahawa polepole, akaninyooshea finjani bila kuitikisa, akanitazama kama mtu anayetaka kujua, na ukumbi mzima ukageuka kunitazama mimi.

Pembeni ya pazia Ammi Nassor alikuwa ameweka kidole mdomoni, macho yamemtoka. Jana niliongea kwa sababu kulikuwa na mtu anazama. Leo hakuna anayezama. Hakukuwa na choo, hakukuwa na gari bovu, hata shuka nyeupe. Nikamimina. Nikaweka dele chini, nikakaa.

"Babu," nikasema. "Marehemu alikwambia nini?"

Akachukua muda wake. Muda mrefu sana, mzee yule, alifaidi kila sekunde. Kisha akanijibu, na nikamuuliza tena, na alipofika kwenye kahawa ukumbi ulinipa shamba kabla hajamaliza, Bibi na dada zake wakiongoza, na ndugu mdogo akabaki na sinia lake la tende akigawa kwa mstari wa mbele. Ammi Nassor amesalimu amri. Kwenye karatasi mpya shamba ni la mwenye dele, na yeye anasema ndivyo alivyokusudia tangu mwanzo.

Bi Helen alinisubiri mlangoni. Kiswahili hajui hata neno. Aliniuliza kwa Kiingereza, taratibu, kama babake jana alisahau. Sijui kudanganya, nikidanganya masikio yananiwaka. Nikamwambia jana alisahau, leo hapana, leo aliniachia nafasi makusudi. Akasema anajua. Yeye maneno hayaelewi, kwa hivyo usiku zote mbili aliangalia mkono. Alitaka tu kujua kama nitamwambia kweli.

Kisha akasema babake anaweza kuendelea mwakani, kwa sharti moja, mchezo uwe na kahawa ndani yake. Akaniuliza mwakani atamiminiwa na nani. Nikatazama sakafu.

Ndiyo sababu ya karatasi hizi. Wewe utakayepewa dele, simama upande wake wa kulia, wa kushoto hausikii. Hotuba yake ijue yote, na ya wenzake pia. Angalia mkono wake, siyo uso. Uso ulishazoea kudanganya watu kwa kazi. Mkono ukisugua goti, usinong'one. Mimina mara moja umpe pumzi, halafu kaa chini umuulize swali fupi, kama unataka kujua kweli. Atakujibu, hajapata kumnyima mtu jibu. Baadaye atakwambia umemwibia mwisho wake, na ataongea na kila mtu isipokuwa wewe. Omba radhi. Kesho yake muulize tena.